Kibali cha Ukoko wa Bi Tunu

Katika nchi yetu, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa Tume ya Kutafuta Jina la Nchi ingali vikaoni mwaka wa kumi na tisa sasa, hakuna mtu anayekula sikukuu ovyo ovyo. Nasema hivyo kwa fahari. Zamani, kabla serikali haijatuonea huruma, watu walikuwa wanapika tu, wanaalikana kwa kupigiana hodi, wanakula, wanacheka, wanakwenda zao. Ratiba haikuwapo. Mgeni rasmi hakuwapo. Mtu aliweza kumaliza sahani nzima bila kumsikiliza kiongozi yeyote. Nikiukumbuka ujinga ule naona haya.

Ndipo ikaja Sheria ya Uratibu wa Karamu za Nyumbani, na Wizara ya Furaha ikaundwa kuisimamia. Waziri wake, Mheshimiwa Pandu Majisifu, alituambia siku ya uzinduzi kwamba taifa linalokula bila utaratibu litashiba bila shukrani. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha, maana waliokuwa wakihesabu makofi walikaa safu ya mbele.

Sikukuu kubwa kwetu ni ya Mchele Mpya, siku ambayo mchele wa kwanza wa mavuno unatiwa jikoni. Ukoo mzima hukutana kwa mkubwa wao, na marafiki na majirani hawaachwi nyuma. Na ipo mila moja ambayo hata serikali haijaiboresha, kwa sababu haijaikuta kwenye faili lolote. Mila hiyo ni ukoko. Wali ukishapakuliwa, mwenye nyumba huubandua ukoko wa chini ya sufuria kwa mkono wake mwenyewe. Huwakalisha uso kwa uso watu wawili walionuniana, akauvunja vipande viwili, kila mmoja akapewa chake. Mkishatafuna, basi. Neno limekwisha, haliulizwi tena. Sharti ni moja tu, uvunjwe na kuliwa kabla jua halijazama. Jua likizama ukoko haujaliwa, ugomvi unaingia mwaka mwingine ukiwa na nguvu mpya.

Sasa nije kwa Bi Tunu.

*

Bi Tunu ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta mmoja ambao una tundu la kupitishia maneno. Ana mabinti wawili. Mkubwa ni Mize, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata akinyamaza unahisi anasahihisha madaftari. Mdogo ni Riziki, mpishi wa maharusi, mwenye mkono ambao ukishika bizari tu mtaa mzima unajua.

Miaka mitatu nyuma Mize alimwoza mwanawe. Riziki akapika biriani ya watu mia nne. Wakwe wakaisifu, wakaisifu tena, wakaomba kumwona mpishi. Hapo Mize akaonja kijiko kimoja, na mbele ya wakwe wote akasema, "Biriani? Huu si wali uliopakwa rangi tu?"

Tangu siku ile Riziki hajapika biriani, na dada mtu na mdogo mtu hawasemezani. Sikukuu ya kwanza Riziki hakuja. Ya pili alikuja, akaaga kabla sufuria haijateremshwa. Ya tatu ilipokaribia, Bi Tunu akaniita pale kwenye tundu.

"Makame, jirani yangu. Mimi nina miaka sabini na tisa. Sikukuu zangu zilizobaki nazihesabu kwa vidole vya mkono huu, na kimoja kina yabisi."

"Usiseme hivyo, Bi Tunu. Utatuzika sote."

"Niwazike ili iweje? Sikiliza. Mwaka huu wataula ukoko, niwaone kwa macho yangu. Nikifa hawa wananuniana, nani atamwambia mwenzake kwamba mama amekufa?"

Nilimwambia kesho tutakwenda kuomba kibali.

*

Afisa Karamu wa Kata yetu anaitwa Bwana Msabaha, mtu wa makamo, mpole, ambaye hajawahi kumkatalia mwananchi kitu bila kumpa fomu nyingine ya kujaza. Alitukaribisha vizuri. Tulikaa benchi moja na bwana aliyekuwa akiomba kibali cha karamu ya arobaini ya mtoto. Mtoto mwenyewe alikuja kumsindikiza, ana ndevu.

"Sababu ya karamu?" Bwana Msabaha aliuliza, kalamu juu.

"Kula," Bi Tunu akasema.

"Kula si sababu, bibi. Kula ni matokeo."

"Basi andika sikukuu."

"Wageni?"

"Ishirini na watatu, wa ndani na wa nje."

"Vicheko vinavyotarajiwa?"

Bi Tunu alinitazama, nami nikatazama picha ya Waziri ukutani. "Andika vya kutosha," akasema.

"Vya kutosha si idadi, bibi yangu."

"Andika arobaini."

"Arobaini vinataka kibali cha kelele. Nikuwekee thelathini na tisa?"

Wakaelewana hapo. Nikaona jinsi serikali ilivyo karibu na wananchi. Kisha Bwana Msabaha akafungua ukurasa wa Kamati ya Maandalizi. Mimi niliandikwa Mshereheshaji na Tarishi, kwa kuwa nina sauti kubwa na miguu isiyouma. Mwenyekiti na Katibu, alisema, sharti wawe wazaliwa wa nyumba hiyo.

"Wazaliwa ninao wawili tu," Bi Tunu alisema kwa unyonge, "nao hawasemezani mwaka wa tatu huu."

Uso wa Bwana Msabaha ukachanua. "Bibi, hiyo ndiyo kamati ya mfano! Kanuni ya kumi na nne inakataza Mwenyekiti na Katibu kuelewana kwa mdomo. Maneno ya mdomo hayana kumbukumbu namba. Kila jambo baina yao litakwenda kwa barua, na nakala kwa mwenye nyumba."

Bi Tunu akauliza, "Na asiyejibu barua?"

"Jiko linafungiwa miaka miwili, kwa minyororo. Minyororo tunayo."

Bibi wa watu akavuta kanga yake, akaikaza kiunoni kama mtu anayetaka kutwanga. "Mwanangu," akasema, "niandikie wote wawili."

*

Mabinti walikuja kwa mama yao wiki moja kabla ya sikukuu, kila mmoja na barua yake ya uteuzi, kila mmoja amenuna. Mize akafanya sebule kuwa ofisi ya Mwenyekiti. Riziki akakaa jikoni. Kati ya ofisi hizo mbili kuna hatua kumi na mbili, nami ndiye niliyezipita kutwa nzima, karatasi mkononi, nikisema "naomba njia" ingawa njia ilikuwa tupu.

Barua ya kwanza ilitoka sebuleni, kumbukumbu namba KM/UK/01. "Kwa Katibu. Yah: Chumvi. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi hii imeonja mchuzi wa majaribio na kubaini upungufu wa chumvi. Unaombwa kuchukua hatua stahiki. Mize, Mwenyekiti."

Jibu lilirudi kabla sijakaa. "Kwa Mwenyekiti. Yah: Ulimi. Barua yako imepokelewa. Mchuzi tajwa haujaiva. Ofisi hii inakumbusha kuwa si mara ya kwanza Mwenyekiti kuonja kwa haraka na kusema kwa haraka zaidi. Riziki, Katibu."

Nilidhani jiko litafungiwa siku hiyo hiyo. Bi Tunu alizisoma nakala zake mbili polepole, akazikunja, akaziweka chini ya godoro. "Matusi mazuri," aliniambia. "Miaka mitatu sijawasikia wakitukanana vizuri hivi."

Siku ya pili kulikuwa na barua tisa kuhusu nazi tu. Siku ya tatu Mwenyekiti alitaka kujua kama Katibu ana habari kwamba bilauri za marehemu baba zilibaki nne, na Katibu akajibu kwamba anayo, na kwamba ile ya tano ilivunjwa na Mwenyekiti akiwa na umri wa miaka tisa, akasingiziwa Katibu, akachapwa Katibu. Mwenyekiti alichelewa kujibu. Jibu lilipokuja lilikuwa na mstari mmoja: "Yah: Bilauri. Imebainika kuwa ni kweli."

Siku ya tano alfajiri Riziki alikohoa. Nilipofika tu nikakabidhiwa karatasi. "Yah: Kikohozi. Ofisi hii imesikia. Tangawizi ipo kabatini, nyuma ya kopo la majani ya chai." Jikoni Riziki aliisoma mara mbili, akaandika: "Imepokelewa. Tangawizi imetumika." Hakuandika asante, ila alipiga mstari chini ya neno "imetumika", mstari mnene, akaukazia mara ya pili.

Mimi tarishi nikazidiwa na furaha, nikajikwaa kwenye mkeka.

*

Siku ya sikukuu ikafika. Wageni ishirini na watatu walikuwa wamekaa ukumbini tangu saa sita, wamevaa vizuri, matumbo matupu. Jikoni sufuria kubwa ya wali wa nazi ilikuwa imepaliwa makaa juu na chini. Kuku wa kupaka alikuwa tayari, samaki tayari, kachumbari tayari, vyote vimefunikwa. Kwa mujibu wa sheria, hakuna mfuniko unaoinuliwa kabla Mgeni Rasmi hajafungua karamu, na kwenye ratiba niliyoibandika ukutani Mgeni Rasmi alikuwa Waziri mwenyewe.

Saa saba simu ikalia. Nikasimama katikati ya ukumbi.

"Itifaki imezingatiwa. Nasikitika kuwatangazia kuwa Mheshimiwa Waziri amepata udhuru. Atawakilishwa na Naibu Waziri."

Watu wakapiga makofi, ndivyo ratiba isemavyo.

Saa nane Naibu akapata udhuru, atawakilishwa na Katibu Mkuu. Makofi. Saa tisa Katibu Mkuu akawakilishwa na Mkurugenzi wa Shangwe. Makofi ya watu waliokaa. Saa kumi Mkurugenzi akawakilishwa na Afisa Shangwe Mwandamizi, na hapo makofi yalipigwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa anaua mbu.

"Wakiendelea kushuka hivi," alisema Mzee Ngwali, kaka yake Bi Tunu, akijifuta jasho, "tutawakilishwa na sisi wenyewe."

Barua ikatoka jikoni. "Yah: Harufu. Wali unaanza kuungua." Sebuleni ikajibiwa: "Punguza makaa. Usifunue. Minyororo ipo." Ikarudi nyingine: "Makaa yamepunguzwa. Unaungua vilevile." Bi Tunu hakuwa anazisoma nakala tena. Alikuwa amekaa mlangoni, anatazama ukuta wa mbele ya nyumba, mahali ambapo mwanga wa jua ulikuwa umeshapanda hadi usawa wa dirisha, jua likishuka.

Saa kumi na moja na nusu gari la Wizara likaingia. Akateremka mtu mmoja, amevaa koti ambalo mikono yake ilimfunika vidole. Ni dereva. Anaitwa Mfaume. Afisa Shangwe Mwandamizi alipata udhuru wakiwa njiani, akateremka kwenye harusi waliyoipita.

Tukasimama. Mfaume akatoa bahasha, akatoa karatasi kumi na nne, akakohoa.

"Ndugu wananchi," akasoma, "ni faraja kubwa kwangu kusimama hapa leo kufungua rasmi choo hiki cha kisasa cha soko letu."

Mfaume akageuza karatasi, akachungulia bahasha, akatutazama kwa macho ya kuomba radhi.

"Si hii," alinong'ona. "Lakini imeshapigwa muhuri. Hotuba yenye muhuri haikatizwi wala haibadilishwi hata koma. Mwenzangu mmoja aliruka aya, sasa anaosha magari." Akaendelea. "Choo hiki, ndugu wananchi, ni matunda ya uvumilivu wenu. Wengi wenu mmekisubiri tangu asubuhi. Nawaomba mkitumie kwa foleni, wazee kwanza, na kila mmoja akikumbuka kuwa nyuma yake kuna mwenzake."

Sasa lazima niwaambie kitu. Mize na Riziki walipokuwa wasichana walifukuzwa pamoja kwenye matanga matatu, kwa ugonjwa mmoja: kucheka pasipostahili. Akianza mmoja, wa pili hawezi kujizuia. Nilimtazama Mize kwenye kiti chake cha Mwenyekiti, ameuma midomo, mabega yanatikisika. Nikamtazama Riziki kwenye mlango wa jikoni, amejiziba mdomo kwa mwiko. Macho yao yakakutana. Wakageuza nyuso haraka, huyu huku na yule kule.

Mfaume alikuwa ukurasa wa sita. Mwanga ukutani ulikuwa umebaki upana wa mkono mmoja. Bi Tunu hakucheka. Machozi yalikuwa yakimshuka taratibu, naye hayafuti. Niliudhika na nchi yangu, Mungu anisamehe, kwa muda wa dakika mbili hivi.

Kisha Bi Tunu akanyanyuka, akamwendea Mfaume, akamshika mkono wa koti.

"Mwanangu, umekula?"

Mfaume akaweka kidole kwenye mstari alipofikia. "Tangu jana mchana, mama."

"Maskini. Wewe umewawakilisha watu wazima watano. Hakuna wa kukuwakilisha wewe?"

Mfaume akanitazama. Mimi nikatoa kitabu cha sheria mfukoni, nikapekua. Kanuni ya ishirini na mbili: Mgeni Rasmi mwenye udhuru aweza kuwakilishwa na mtu yeyote aliyepo, na atakalosema mwakilishi huyo litakuwa ndiyo hotuba.

"Una udhuru?" nikamuuliza kwa sauti ya kiserikali.

"Ninao," akasema. "Njaa." Akalivua lile koti, akamvisha Bi Tunu.

Nikavuta pumzi. "Itifaki imezingatiwa! Namkaribisha Mgeni Rasmi, Bi Tunu binti Faki, kwa niaba ya dereva, kwa niaba ya Afisa Mwandamizi, kwa niaba ya Mkurugenzi, kwa niaba ya Katibu Mkuu, kwa niaba ya Naibu Waziri, kwa niaba ya Waziri!"

"Nimefungua," Bi Tunu akasema. "Leteni sufuria."

Hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote katika historia ya taifa letu, na makofi yake sijasikia mfano.

Sufuria ikafunuliwa. Wali mweupe ulikuwa kiganja kimoja juu. Chini yake kote ulikuwa ukoko, mnene kama soli ya kandambili, wa rangi ya kahawia, unanukia nazi. Serikali ilikuwa imetupikia ukoko ambao hakuna ukoo uliowahi kuuona. Bi Tunu akapandisha mikono ya koti, akaubandua, akauvunja. Mabinti wakakalishwa uso kwa uso, kila mmoja na kipande mkononi. Ukutani mwanga ulikuwa umebaki uzi.

Hakuna aliyekula. Mize alimtazama Riziki, Riziki akatazama ukoko. Mzee Ngwali alianza kusema kitu, Bi Tunu akamzuia kwa mkono.

Mize akafungua pindo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akanipa mimi. Toka alipokaa mpaka kwa mdogo wake haikufika urefu wa mkono, lakini tarishi ni tarishi. Nikaipokea, nikapiga hatua moja, nikaikabidhi. Riziki akaifungua. Nakala yake imo chini ya godoro la Bi Tunu, ndipo nilipoisoma.

"Yah: Biriani. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Siku ile wakwe waliisifu biriani yako kuliko walivyomsifu mwanangu. Niliona wivu. Haikuwa wali uliopakwa rangi. Tangu siku ile sijala biriani nyingine, kwa sababu sijaiona. Mize, dada yako."

Hakuandika Mwenyekiti.

Riziki akaiweka barua mapajani. Akautia ukoko mdomoni, akautafuna, ukalia kraa ukumbi mzima ukasikia. Ndipo akasema, maneno ya kwanza baada ya miaka mitatu:

"Umesahau kumbukumbu namba, dada."

Mize akatafuna chake huku analia, akacheka, akapaliwa, Riziki akampiga mgongoni, naye Riziki akaanza. Walicheka mpaka tukavipita vile thelathini na tisa vya kibali, na Mfaume, mtumishi wa serikali pekee aliyekuwapo, alikuwa na mdomo uliojaa kuku hivyo hakuweza kuripoti.

*

Habari ikafika juu. Wiki iliyofuata Mheshimiwa Waziri alizungumza redioni. Alisema utafiti umethibitisha kuwa ugomvi wa kifamilia umekwisha kwa asilimia mia katika nyumba zote zilizofanyiwa utafiti, yaani moja, na kwamba hayo ni matunda ya Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu alikuwa yeye. Kwa sababu hiyo ukoko umeingizwa kwenye sheria. Kuanzia sasa kila nyumba inayoomba kibali cha Mchele Mpya itatoa watu wawili wanaonuniana, walionuna kwa muda usiopungua miezi mitatu, na watakaguliwa. Nyumba yenye amani haina cha kusuluhishwa, na kwa hiyo haina sababu ya kupika.

Hivyo mwaka huu, Bi Tunu akiwa na miaka themanini na kile kidole cha yabisi kimepona, Bwana Msabaha alikuja kukagua. Aliwakuta Mize na Riziki sebuleni, wamekaa mgongo kwa mgongo kwenye mkeka mmoja, nyuso zimekunjwa.

"Tangu lini?" aliuliza kwa upole.

"Mwezi wa tatu," Mize akasema, akitazama dirisha.

"Wa nne," Riziki akasema, akitazama mlango. "Kila kitu anabisha."

Bwana Msabaha akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika: mnuno wa kiwango cha juu. Wakati anaandika, Riziki akanipa karatasi. Nikaizunguka migongo yao, hatua mbili, nikamkabidhi Mwenyekiti mbele ya afisa, ambaye alisimama kwa heshima mpaka nilipomaliza. Ilisema hivi:

"Yah: Mabega. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Dada, acha kuyatikisa, yananigusa, nitashindwa. Vumilia mpaka atoke. Biriani imeshaiva. Nakala: Mama."

Mama alikuwa ameshaisoma nakala yake. Alikuwa pembeni, amejifunika kanga uso mzima, anatetemeka, na Bwana Msabaha, kabla hajagonga muhuri, alimwandika kuwa analia kwa uchungu wa watoto wake.